Riwaya za kubeba kabla giza la winta halijakukuta

Wandugu mlioko nje, habari za huko. Mi nawaandikia nikiwa Moshi, nimerudi nyumbani baada ya winta saba za Stockholm, na kila ikifika mwezi wa kumi simu yangu inaanza, binamu yuko Canada, rafiki yuko Norway, shemeji yuko Minnesota, wote ombi moja tu, dada nitumie vitabu vya Kiswahili, riwaya yoyote ile. Hiyo "yoyote" ndo inanisumbua, maana winta sio kipindi cha kusoma riwaya yoyote, kwa hiyo nimeona niandike yote hapa mara moja, nisiwe narudia kwenye voisi noti za kila mtu.

Aliyeko Moshi ukimwelezea hilo giza anakuitikia tu kwa heshima. Huku jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima, hata ukiwa huna saa unajua. Stockholm katikati ya Desemba linazama kabla hata ya saa tisa alasiri. Umeingia kazini giza, umetoka kazini giza, na ndo mwezi huohuo ambao nyumbani watu wanapanda mlimani, yaani vijijini kwao Kilimanjaro, mabasi ya kutoka Dar yamejaa, kila kihamba, lile shamba la ukoo, kina watu na mtori wa ndizi uko jikoni, wewe uko na simu mkononi unaangalia picha za wenzio. Lakini nisikilizeni vizuri, Desemba sio mbaya kivile, Desemba ina taa na sikukuu na watu wanakualika. Kipindi kigumu ni kuanzia katikati ya Januari mpaka mwezi wa tatu, sherehe zimeisha, hela imeisha, theluji imeshageuka tope, na hakuna anayepiga simu. Vitabu vyako vipangie kipindi hicho.

Winta yangu ya kwanza nilienda na Kichwamaji ya Kezilahabi, nikasema sasa nina muda nitaisoma kwa utulivu. Kezilahabi kwangu ni jabali, aliyezaliwa Ukerewe 1944 akatuachia kazi ambazo bado tunazichambua, na sijawahi kuacha kumpenda. Ila ile riwaya inamfuata kijana msomi anayeona maisha hayana maana, na anaishia pabaya kabisa. Nimekaa pembeni ya dirisha, nje kweusi, chai imepoa, nimefika karibu na mwisho, nikajikuta nashindwa kuinuka kwenda kuwasha taa ya jikoni. Siku tatu hivi nilikuwa naamka nimechoka. Rosa Mistika nayo ni hivyohivyo, nzuri mno na inauma mno. Hizo soma mwezi wa sita, kaa kwenye benchi nje, jua linakupiga usoni, utazifaidi. Na hili nasema kwa dhati, kama umefika mahali usingizi hauji, chakula hakipiti na huoni faida ya kuamka, usitafute kitabu, nenda kamuone daktari na umwambie mtu wa nyumbani ukweli.

Sasa unaanzaje. Anza na kinachokimbia. Wiki zile za kwanza za giza akili haina nguvu ya kubeba mambo mazito, inataka kujua tu nani kaua. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, Bwana Msa mpelelezi na kiko chake na rafiki yake Najum, ni Zanzibar ya zamani, mwandishi hana haraka lakini huwezi kuiweka chini. Ukitaka mbio zaidi kuna Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba, Kufa na Kupona ndo ilitangulia, ya 1974. Baba zetu walikuwa wanazificha chini ya godoro, na wapo watu wanaozidharau mpaka leo eti sio fasihi. Mi nasema kitabu kilichokufanya ushuke kituo cha mbele kwa sababu umesahau uko kwenye treni, hicho kimefanya kazi yake.

Baada ya hapo ingia kwenye riwaya zenye watu wanaoongea. Hiki ndo kipimo changu kikubwa na nakitumia hata nikiwa nimechutama kwenye meza ya muuza vitabu pale mjini, sisomi nyuma ya jalada, nafungua katikati, naangalia kama kuna mazungumzo, halafu nasoma nusu ukurasa kwa sauti ya chini. Ulimi ukiteleza, nanunua. Ukikwama nakirudisha hata kama kina sifa namna gani. Sababu yake ni kwamba ukikaa nje muda mrefu hupotezi maneno ya Kiswahili, maneno yapo tu, unachopoteza ni ile kusikia watu wakijibizana, mtu anatupa neno, mwenzie analidaka, wanachekeana, wanakatishana. Shafi Adam Shafi kwa hilo namvulia kofia. Vuta n'kuvute, kuna Yasmin binti aliyeozeshwa mzee na akaamua kuondoka, wale majirani wake wanavyosema utadhani uko kibarazani nao. Kuli nayo ni makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948, na mtu anayefanya kazi ya kubeba mizigo kwenye ghala huko ughaibuni, zamu ya usiku, ataielewa kuliko profesa.

Halafu kila winta iwe na kitabu kimoja kikubwa, cha kukaa nacho kama mgeni aliyekuja kulala mwezi mzima. Changu ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha mzee Aniceti Kitereza. Huyu mzee wa Ukerewe alikiandika kwa Kikerewe, akamaliza 1945, hakuna aliyekichapa, akaja kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano mtu anasubiri kitabu chake! Kinahusu mume na mke wanaopendana hawana mtoto, ndugu za mume wanaanza maneno, wakwe nao wanakuja wanamchukua binti yao, na mume inabidi aende kumwomba arudi na alipe faini ya pombe ya ndizi. Ukiwa na haraka kitakushinda, maana kila kazi inaelezwa kwa utaratibu wake, kulima, kuvua, kutibu, kusalimia. Lakini Februari haina haraka.

Mi nilikuwa nakisoma kwa mama. Yuko Kibosho, macho yake hayasomi tena maandishi madogo, basi kila Jumapili baada ya ibada nampigia WhatsApp namsomea kurasa nne au tano. Tulipofika pale kwenye ndizi na pombe mama akanikatisha, "Subiri kwanza, mbona sijasikia ulezi? Ulezi wanatia saa ngapi?" Nikamwambia mama hawa sio Wachagga, hii sio mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Akanyamaza kidogo, akasema basi endelea lakini yao haitakuwa nzito. Toka siku hiyo akawa ndo ananikumbusha yeye, mwanangu tulikomea wapi. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni huu hapa, tafuta msikilizaji nyumbani, mama, bibi, mdogo wako, yeyote, nyumbani wako mbele saa mbili kwa Sweden wakati wa winta, haina shida ya muda kabisa, aliyeko Marekani apange asubuhi yake. Utasoma hata siku ambayo hujisikii kwa sababu kuna mtu anasubiri.

Kama una watoto waliokulia huko na Kiswahili chao ni cha kuelewa tu bila kusoma, Kitereza yupo kwa Kiingereza, alitafsiriwa na Gabriel Ruhumbika, 2002. Kijana wa sekondari anayejikongoja mpe Siku Njema ya Ken Walibora, mtoto wa Tanga anamtafuta baba yake mpaka Kenya, lugha inang'aa na safari inamvuta. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, tangu apate Nobel ya fasihi 2021 kila mtu anamsoma kwa Kiingereza, ila riwaya yake Paradise sasa ipo kwa Kiswahili, inaitwa Peponi, katafsiri Ida Hadjivayanis, imetoka 2022. Nimezisoma zote mbili na ile ya Kiswahili ndo niliyoirudia, misafara ile ya biashara inayoingia bara kwa Kiswahili imerudi kwao. Shaaban Robert weka Utubora Mkulima mwishoni, mwezi wa tatu, ni fupi, ni mtu anayeacha kazi ya mjini anakwenda kulima, na muda huo hata huko mnaanza kuona udongo tena.

Kuvipata sasa. Wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar wanachapa nyingi, na huko nje vitabu vyao vinauzwa kupitia African Books Collective, unaagiza mtandaoni vinakuja kama vitabu vingine. Usiidharau laibrari ya mtaani kwako, hata kama haina Kiswahili hata kimoja, waulize kama wanaazima kutoka laibrari nyingine, vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili vinakuwa navyo, mi Vuta n'kuvute niliipata hivyo. Zile pidiefu za kupiga picha zinazosambazwa kwenye magrupu naomba tuziache jamani, mwandishi hapati hata senti, na simu ndo hiyohiyo iliyokunyima usingizi.

Kwa mtu anayekuja nyumbani au ana ndugu anayekuja, riwaya nyingi ni nyembamba, kumi haziwezi kukumalizia kilo zako. Vile vya zamani vya kwenye meza za mtumba vianike juani siku nzima kabla ya kufunga begi, vinakaa na wadudu. Weka kwenye begi la mkononi, mi nimewahi kupoteza begi zima la vitabu njiani na sikulipwa chochote. Ukifika usivipange juu ya hita, ile hewa kavu inakausha gundi, kurasa zinachomoka moja moja, Mzimu wa Watu wa Kale yangu mpaka leo imefungwa na rababendi. Na nunua taa ya mezani yenye mwanga wa njano, ile ya darini peke yake macho yanachoka saa moja tu.

Wanaoshuka Desemba hii, msiache kununua vitabu mpaka ile wiki ya Krismasi, mji unajaa, foleni kila mahali, na wauza vitabu wengi wanakuwa wameshafunga wamepanda mlimani na wenyewe. Njooni wiki ya pili, asubuhi, kabla jua halijawa kali, muwe na muda wa kuchutama na kusoma nusu ukurasa nusu ukurasa. Shemeji wa Minnesota, wewe Kitereza wako nimeshampata, jalada limechanika lakini kurasa zote zipo, nimehesabu.