Kujumlisha na kutoa akisami: pale watoto wanapokwama

Nimekuwa nikimsaidia mtoto wa jirani hapa Kisumu, yuko Gredi ya 6, na anakwama palepale wanapokwama wengi: kukopa. Mzazi, fuata hivi ukiketi na wako.

1. Tazama nambari za chini. Zikifanana, jumlisha au toa za juu. Ya chini haiguswi.

2. Zisipofanana, zifananishe. Chukua 1/2 + 1/3. Vigawe vya 2 ni 2, 4, 6. Vya 3 ni 3, 6. Vinakutana kwenye 6, kwa hiyo 3/6 + 2/6 = 5/6. Anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini hupata 2/5, ambayo haifiki hata nusu, ilhali alianza na nusu akaongeza. Mimi husisitiza kuorodhesha vigawe. Kuzidisha nambari za chini kunaleta jibu pia, ila kwa 6 na 8 unabeba 48 wakati 24 inatosha.

3. Kukopa. Hapa usiharakishe. Mama ana gorogoro 3 1/4 za mahindi sokoni Kibuye, anauza 1 1/2. Andika 3 1/4 − 1 2/4. Robo 1 haitoi robo 2, kwa hiyo kopa 1 kutoka kwa 3, ibaki 2. Sasa ile 1 ni robo ngapi? Ni 4. Ziongeze kwa ile 1 iliyokuwepo, upate 2 5/4. Toa 1 2/4, jibu ni 1 3/4.

Mtoto aliyezoea kutoa kwa makumi na mamoja ataleta 10. Ataandika 2 11/4, atoe, apate 1 9/4. Usimfutie. Mwambie aipange: 9/4 ni 2 1/4, ukiongeza 1 ni 3 1/4. Mama ameuza mahindi na hayajapungua hata punje! Akiliona hilo mwenyewe, hatarudia 10. Kizima kilichokopwa huvunjwa kwa nambari ya chini: ikiwa 4 ni 4/4, ikiwa 12 ni 12/12.

Tena, fananisha nambari za chini kwanza, ndipo ukope. Ukikopa mapema utavunja kizima mara mbili.

Wengine hugeuza yote kuwa akisami nzito juu: 13/4 − 6/4 = 7/4. Ni sahihi, lakini jaribu hivyo na 27 5/8 uone kuzidisha kunavyorefuka. Mimi nafundisha kukopa.

4. Hakikisha kwa kujumlisha. 1 3/4 + 1 2/4 = 2 5/4 = 3 1/4.

Mpe hii, bila kikokotoo: 5 1/6 − 2 3/4. Akileta 2 5/12, amepata.