Kutengeneza sanrufu inayovuja au kukwama

Mvua za Machi zikianza Nairobi, wanaoleta magari yenye kapeti zilizolowa huja na ombi lilelile: "Fundi, nibadilishie raba ya sanrufu." Wengine wameshapitia kwa mtu aliyezungusha silikoni, ile gundi ya kuzibia, kwenye kioo kizima cha sanrufu, yaani kile kioo cha paa kinachofunguka. Sanrufu haifunguki tena, na maji bado yanaingia. Juzi nimemsaidia jirani, mama mwenye Volkswagen Golf iliyotoka Japani, kwanza kwa simu kisha pale pale kwenye maegesho ya ploti yetu. Kazi karibu yote ameifanya mwenyewe, na maelezo niliyompa ndiyo haya.

Kabla hujashika bisibisi, elewa jinsi sanrufu inavyokabiliana na maji. Raba haikuundwa kuzuia kila tone. Kazi yake ni kukata upepo, vumbi na sehemu kubwa ya mvua. Maji yanayopenya huangukia kwenye mfereji wa fremu unaozunguka kioo, na kwenye pembe za mfereji huo kuna matundu yenye mirija. Magari mengi yana minne: miwili ya mbele hushuka ndani ya nguzo za windiskrini, miwili ya nyuma hushuka kwenye nguzo za nyuma, na yote humwaga maji nje chini ya gari. Mrija mmoja ukiziba, mfereji hujaa, maji hufurika juu ya silingi (kile kifuniko cha ndani ya paa) na kutafuta njia: taa ya ndani, mkanda wa usalama, kapeti ya abiria. Kwa hiyo raba mpya juu ya mrija ulioziba ni pesa iliyotupwa, na silikoni ni kumwongezea kazi fundi atakayefuata.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sanrufu

Kapeti iliyolowa ina sababu nyingi. Kama hulowa hata siku za jua ukiwa umewasha AC, angalia mrija wa kutolea maji ya AC. Kama maji yana utelezi na harufu tamu, hayo ni ya rejeta, na shida iko kwenye hita. Kama yanatokea baada ya mvua tu, chunguza pia majani yaliyojaa chini ya wipa na plastiki ya ndani ya milango. Lakini silingi ikiwa na madoa ya kahawia kwenye pembe, au maji yakimwagika kutoka taa ya ndani unapofunga breki, usihangaike kwingine.

Hatua ya 2: Safisha mfereji

Fungua kioo chote. Ondoa majani kwa mkono, kisha pangusa mfereji kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Usisukume uchafu kuelekea kwenye matundu ya pembeni.

Hatua ya 3: Zibua mirija

Hapa ndipo gari hupona au huharibika zaidi, kwa hiyo nenda polepole.

Anza kwa kupima. Chukua chupa ya nusu lita, mimina maji kidogo kidogo kwenye pembe moja ya mfereji, na mtu mwingine atege kopo chini pale maji yanapotokea. Usielekeze bomba la kuoshea gari juu ya paa. Maji yatatoka kila mahali na hutajua ni mrija upi. Mrija mzima hutoa maji papo hapo kwa mkondo, na karibu yote uliyomimina yatarudi kwenye kopo. Yakidondoka kwa kusitasita, kuna uchafu. Yakitulia kwenye mfereji, umeziba kabisa. Na kama yanaingia vizuri juu lakini chini hakuna kitu, simama hapo hapo, usiongeze tone: mrija umechomoka au umepasuka ndani ya silingi, na maji unayomimina yanaelekea kwenye kapeti.

Swali linalofuata ni yanatokea wapi. Kwenye Golf, ya mbele hutokea kwenye uwazi kati ya mlango na mwili wa gari, upande wa bawaba, kupitia kidomo kidogo cha raba. Fungua mlango wa mbele uchungulie. Ya nyuma hutokea nyuma ya bampa. Magari mengine hutolea nyuma ya plastiki ya ndani ya madigadi, na utalazimika kuitoa. Usipoona, mimina maji kidogo ulale chini utazame yanapodondokea. Gari lililoegeshwa mteremkoni hudanganya: likielekeza pua juu, maji yote hukimbilia mirija ya nyuma na ya mbele huonekana kavu. Tafuta mahali tambarare, au tumia mteremko huo kwa makusudi kupima upande mmoja kwa wakati.

Sasa kuhusu kifaa cha kuzibulia. Nasema hivi nikijua wenzangu wengi hawatakubaliana nami: weka mbali kompresa. Upepo wa gereji hufika psi 100 na zaidi, na mrija umeshikiliwa kwenye fremu kwa kuvikwa tu juu ya kijipua cha plastiki. Ukipuliza kutoka juu, uchafu hugongana kwenye kona na kukazana. Ukipuliza kutoka chini, mrija huchomoka juu ya silingi mahali usipopaona. Mteja ataondoka akifurahi kwa sababu alisikia "puuu" na vumbi likatoka, kisha mvua ya kwanza atarudi na silingi iliyolowa zaidi ya mwanzo. Waya wa breki ya baiskeli nao siupendi. Ncha yake ikifumuka, nyuzi za chuma hutoboa mrija, hasa ule wa zamani uliokauka kwa jua.

Ninachotumia mimi ni uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, ule wa duara, unene wa milimita 2 hivi. Unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya shambani. Una ugumu wa kusukumika na ulaini wa kupinda. Kata kipande kirefu kuliko gari linavyohitaji, uchome ncha kidogo kwa kiberiti hadi ifanye kichwa laini cha mviringo. Bila kichwa hicho, ncha iliyokatwa hukwaruza ukuta wa mrija. Ingiza kutoka juu huku ukiuzungusha kati ya vidole. Ukikwama, usisukume kwa nguvu: rudisha kidogo, zungusha, jaribu tena. Kukwama mapema, karibu na paa, mara nyingi ni kona ya mrija tu. Kukwama karibu na mwisho ni uchafu, au ni kile kidomo.

Na kidomo ndicho kinachowasumbua watu bila wao kujua. Kina midomo miwili ya raba inayobanana ili vumbi, wadudu na maji ya barabarani yasiingie. Vumbi laini la Nairobi likichanganyika na maua ya jakaranda yaliyooza, hutengeneza tope linaloigandisha midomo hiyo. Mrija wote unaweza kuwa safi na bado maji yasitoke. Kwa hiyo mimi huanzia huku chini: bana kidomo kwa vidole hadi kifunuke, tope litoke, na mara nyingi maji yaliyosimama hufuata kwa kishindo, basi usikae chini yake. Kikiwezekana kuvutwa, kivute taratibu, kioshe, kirudishe. Kuna mafundi wanaokikata kabisa. Maji yatapita, ni kweli, lakini vumbi na wadudu nao wamepata mlango.

Tope likiwa limekauka sana, mwagia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uyaache yaloweshe, kisha urudi na uzi. Maji yanayochemka hapana, na dawa ya kuzibulia sinki hapana kabisa. Kama una mashine ya kunyonya vumbi inayovumilia maji, ishike kwenye mlango wa chini wa mrija, uzibe pembeni kwa kitambaa, na umimine maji juu taratibu. Kunyonya kutoka chini ni salama kuliko kupuliza, kwa kuwa hakuuvui mrija kwenye kijipua chake.

Mirija ya nyuma hushughulikiwa vivyo hivyo, ila ni mirefu na ina kona nyingi. Ukikuta maji kwenye shimo la tairi la akiba ndani ya buti, anza na hiyo.

Rudia kipimo cha nusu lita kila pembe. Usiseme umemaliza kwa kuona pembe tatu zinatoa.

Ukigundua mrija umechomoka, silingi lazima ishushwe. Toa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa plastiki za nguzo, maana kwenye magari mengi mifuko ya hewa ya usalama imekunjwa pale kando ya paa. Kama hujawahi kushusha silingi, mpe fundi wa viti na silingi kazi hiyo. Ikipata mkunjo haitanyooka tena.

Hatua ya 4: Kausha kapeti

Kupangusa juu hakutoshi. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayoshika maji kwa majuma, na magari mengi ya Ulaya yana soketi za wayaringi au kompyuta ndogo hapo hapo. Toa kiti, inua kapeti, weka kitu chini yake hewa ipite. Ukichomoa soketi za chini ya kiti, usiwashe swichi ya gari hadi uzirudishe, la sivyo taa ya mfuko wa hewa itawaka na utahitaji mashine ya kuizima.

Hatua ya 5: Reli na raba

Pangusa grisi yote ya zamani kwenye reli. Huwa imekuwa nyeusi kwa mchanga, na mchanga huo ndio unaokula vipande vya plastiki vinavyoteleza. Paka grisi ya silikoni, utando mwembamba tu. Grisi ya kawaida ya magurudumu inavimbisha raba na kukusanya vumbi. Mafuta mepesi ya kupuliza, yale ya kulegeza nati zenye kutu, huosha grisi iliyokuwepo na kuacha reli kavu. Raba yenyewe ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha ipakwe grisi hiyo hiyo ya silikoni.

Hatua ya 6: Ikiwa imekwama au inakwenda upande

Angalia fyuzi kwanza. Kisha bonyeza swichi usikilize. Kimya: fyuzi, swichi, waya au mota. Mota ikilia bila kioo kusogea, au ukisikia kelele ya meno yanayoruka, kebo au gia imeisha. Usiendelee kubonyeza, unaisaga.

Kwenye magari mengi mota huzungusha gia inayosukuma kebo mbili kwa pamoja, moja kila upande. Kebo moja ikiruka meno, kioo hukaa mshazari. Dawa yake: toa mota, sukuma pande zote mbili kwa mkono hadi zilingane kwenye alama zao, hakikisha mota yenyewe iko kwenye nafasi ya kufungwa, ndipo uirudishe. Ukirudisha mota iliyo katikati ya safari yake, itajaribu kupita mwisho wa reli na kuvunja kitu.

Mvua ikikukuta kioo kiko wazi na mota imekufa, magari kadhaa yana tundu la spana ya pembe sita nyuma ya kifuniko cha taa ya ndani. Zungusha kwa mkono ufunge. Si kila gari linalo, basi soma kitabu cha gari kabla ya kuvunja plastiki.

Ukitafuta spea Kirinyaga Road au Industrial Area, soma kwanza kibandiko kwenye fremu. Mara nyingi utakuta Webasto au Inalfa, watengenezaji wa sanrufu wenyewe, pamoja na namba. Namba hiyo itakusaidia kuliko kusema "ya Golf".

Hatua ya 7: Sawazisha kioo

Funga kioo, legeza kidogo skrubu zake za pembeni, kwa kawaida za nyota ya pembe sita (Torx). Ukingo wa mbele uwe sawa na paa au chini yake kwa milimita moja, wa nyuma uwe sawa au juu kwa milimita moja. Mbele ikizidi kimo, utasikia upepo ukipiga mluzi Thika Road. Kaza, kisha funga kioo juu ya ukanda wa karatasi na uuvute: ushikwe kwa nguvu ileile kuzunguka kote. Pale tu ambapo karatasi inateleza baada ya kusawazisha ndipo ninapoanza kuzungumza habari ya raba mpya.

Hatua ya 8: Ifundishe mota upya

Baada ya kutoa betri au mota, sanrufu nyingi husahau mwisho wake na hufunguka kwa vipande vipande. Kwa kawaida unashikilia swichi ya kufunga, bila kuachia, hadi kioo kimalize mzunguko wake na kusimama chenyewe. Ukiachia katikati unaanza upya. Utaratibu kamili hutofautiana kwa kila gari. Kisha jaribu kinga ya kubana kwa taulo lililoviringishwa, kamwe si kwa mkono: kioo kikigusa taulo kinapaswa kurudi nyuma.

Utunzaji

Pima mirija mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Anayeegesha chini ya jakaranda apime tena maua yakishaanguka. Fungua sanrufu mara kwa mara hata kama huihitaji, raba isigande. Ukienda kuoshewa gari, mwambie kijana asielekeze mashine ya presha kwenye ukingo wa kioo, na akimaliza, mpe dakika moja ya kupangusa mfereji kioo kikiwa kimefunguliwa.