Tangi la plastiki likivuja, usikimbilie gundi

Kwa wenye magari ya zamani yenye tangi la mafuta la plastiki: kabla hujalilaumu tangi, angalia linavuja lini. Kama harufu na matone huja ukijaza pomoni tu, mara nyingi tatizo ni mpira unaoziba pampu ya mafuta kule juu ya tangi au bomba la kujazia lililopasuka. Mpira ni bei ndogo, tangi si bei ndogo.

Likiwa limepasuka kweli, sugua sabuni ya mche kwenye ufa hadi iingie. Petroli haiiyeyushi haraka, itakufikisha gereji, basi. Gundi nyingi, hata zile za kuchanganya, hazishiki vizuri kwenye plastiki hii, zinabanduka.

Dawa yake ni kuchomelea kwa plastiki ya aina ileile, tangi likiwa limeshushwa. Na hapa nawasihi sana: tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke uliobaki ndani. Lioshwe kwa maji na sabuni zaidi ya mara moja, lianikwe wazi. Fundi akisema "limeshakauka hilo" na kuwasha moto papo hapo, chukua tangi lako uondoke.