Mchwa kwa vifaranga, bure kabisa

Jamani wa Urambo na Sikonge mnaolia chakula cha vifaranga bei juu, vichuguu si mnavyo hapo nje? Chukua chungu kikuukuu, jaza mavi ya ng'ombe makavu na magunzi, nyunyizia maji kidogo tu, halafu jioni kwangua tundu la mchwa ukifunike hapo mdomo chini na pembeni uzibe na udongo mwanga usiingie. Asubuhi mapema unakuta wamejaa tele, ukisubiri jua lichome wanarudi chini. Mimi nikikung'uta tu vifaranga wananipanda mpaka miguuni! Ila kichuguu kilicho karibu na tumbaku iliyopigwa dawa usikiguse kabisa, na pumba waendelee kupewa, mchwa peke yake hawatoshi.