Kagua miaka ambayo haikupimwa
Ukiletewa modeli ya kiuchumi, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria gharama na faida za matibabu kwa miaka ijayo, inayodai kwamba dawa mpya inastahili gharama yake, usianze na jibu la mwisho, bali uliza kwanza ni sehemu gani ya faida hiyo ilipimwa kwa wagonjwa na ni ipi iliyokadiriwa tu. Jaribio la dawa kwa wagonjwa likiwa limedumu miaka 2 ilhali modeli inakokotoa miaka 30, dhana kwamba nguvu ya dawa haitafifia huenda ndiyo inayobeba hesabu karibu yote. Omba faili lenyewe la modeli, ondoa faida yote ya baada ya jaribio, kisha tazama kama uamuzi kuhusu dawa hiyo unageuka. Weka pia bei ya dawa kuwa sifuri: jumla ya gharama isiposhuka, kuna fomula iliyokosewa, na kosa hilo si geni hata kwa wataalamu.