Kukaza cheni ya pikipiki bila kuiua

Cheni nyingi za bodaboda huuawa na spana. Dereva anasikia inagonga kava, anasimama kwa fundi, inakazwa pikipiki ikiwa juu ya dabo stendi mpaka inyooke kama rula, na kelele inakwisha. Kisha wanapanda mshikaki, shokapu zinabonyea, na cheni ambayo haikuachiwa nafasi inaanza kuvuta kila kilichoishika.

Sababu iko kwenye umbo la pikipiki yenyewe. Mkono wa nyuma, yaani vile vyuma viwili vinavyobeba ekseli, unacheza kwenye bolti iliyo nyuma kidogo ya sproketi ndogo, yaani gurudumu la meno la mbele linalozungushwa na injini (sproketi kubwa ni ile ya gurudumu la nyuma). Mzigo ukiongezeka gurudumu hupanda, na kadiri sproketi ndogo, bolti hiyo na ekseli zinavyokaribia kukaa kwenye mstari mmoja, ndivyo umbali kati ya sproketi mbili unavyoongezeka. Cheni haina pa kurefukia. Mvuto wote unaangukia beringi ya shafti ya gia, na baada ya muda oili inaanza kuvuja nyuma ya sproketi ndogo. Hapo watu hubadilisha sili mara mbili, mara tatu, huku chanzo kikiwa ni cheni iliyokazwa mno. Beringi za gurudumu la nyuma nazo huliwa kwa njia hiyohiyo.

Cheni iliyolegea mno ina hatari yake: inaruka meno, inaweza kuchomoka kwenye sproketi, na ikijikunja mbele inapasua bloku ya injini au inafunga gurudumu ukiwa mwendoni. Kwa hiyo inatakiwa kipimo.

Pikipiki za barabarani za cc 100 hadi 150, zile zilizojaa vijiweni, kwa kawaida hutaka mlegeo wa mm 20 hadi 30. Zile ndefu za njia mbaya, zenye shokapu za mwendo mrefu, hutaka zaidi, mara nyingi mm 35 hadi 45. Kitabu cha pikipiki au stika iliyobandikwa karibu na cheni ndiyo yenye neno la mwisho, pamoja na kusema kipimo kichukuliwe kwenye stendi ipi. Hizo mm ni mwendo wote: sukuma cheni chini, soma rula, isukume juu, soma tena, toa. Pima upande wa chini wa cheni, katikati ya sproketi mbili. Kupima kwa vidole viwili kunadanganya, maana vidole viwili vya mtu mzima hufika mm 35 na kuendelea. Kama kava ni la kufunika cheni yote, chomoa kizibo cha mpira upimie hapo.

Kabla ya kugusa nati yoyote, zima injini, weka gia frii, kisha zungusha gurudumu kwa mkono huku ukipima sehemu nne au tano. Cheni iliyotumika huwa hailegei sawa kote: kuna mahali inakaza na mahali inaning'inia. Rekebisha ukiwa umesimamisha gurudumu pale ilipokaza zaidi. Ukikazia pale ilipolegea, zamu ya ile sehemu ngumu ikifika itakuwa imebana kabisa. Na usizungushe gurudumu kwa injini ati uone haraka. Hivyo ndivyo vidole vinavyokatika.

Sasa legeza nati ya ekseli. Pikipiki nyingi za aina hii zina nati nyingine kubwa upande wa sproketi, inayoshika kibebeo cha sproketi kubwa, nayo ilegezwe. Wengi huisahau, matokeo yake upande mmoja unasogea na mwingine unagoma. Legeza lokinati, yaani nati za kuzuia, za adjasta, zile bolti za kusogeza ekseli, kisha zungusha adjasta zote mbili robo mzunguko kwa robo mzunguko, kulia na kushoto sawasawa, ukipima kila mara. Alama zilizochongwa kwenye mkono wa nyuma ni za kuanzia tu, hasa kama pikipiki imewahi kuanguka au kuchomelewa. Cha kuaminika ni kupima kwa futi kutoka katikati ya bolti ya mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili. Gurudumu likikaa upande, meno ya sproketi kubwa huliwa ubavu mmoja. Ukiona upande mmoja unang'aa, mpangilio haukuwa sawa.

Kufunga kuna ujanja wake. Kunja kitambaa, kiweke kati ya cheni na sproketi kubwa upande wa juu, kisha zungusha gurudumu kinyumenyume mpaka kibane. Ekseli itavutwa mbele na kuegemea adjasta zote mbili. Kaza kwanza nati ya kibebeo, halafu ya ekseli, ambayo kwa daraja hili hutaka takriban Nm 50 hadi 70. Kwa spana ya sm 25, huo ni mvuto wa kama kilo 25 mwishoni mwa mpini. Rudisha lokinati, chomoa kitambaa, pima upya, kwa kuwa kukaza ekseli mara nyingi hula mm kadhaa. Kisha wakae dereva na abiria wa kawaida, wewe uguse cheni: lazima bado ichezecheze. Isipocheza, legeza, hata kama rula ilisema sawa.

Kazi haijaisha. Gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya breki ya ngoma inavutika na breki inaweza kuanza kugusa. Rekebisha nati ya fimbo hadi pedali iwe na mwendo mtupu wa mm 20 hadi 30, zungusha gurudumu usikilize, na uangalie taa ya breki inawaka kwa wakati wake.

Adjasta zikifika mwisho, vijiweni husikika ushauri wa kukata pingili. Tunaukataa. Cheni namba 428 ikiwa mpya, umbali wa pini 21 ni mm 254. Ikifika 259 imekwisha, kwa sababu kila pini imelika, na kuifupisha hakurudishi nafasi kati ya pini ilingane na meno. Jaribio la haraka: shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute, ikinyanyuka hadi nusu ya jino ionekane, nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka kama ndoano haimalizi safari nyingi.

Kagua kila km 500, na siku zote baada ya mvua au barabara ya vumbi. Paka oili ya gia namba 90 upande wa ndani wa cheni ikiwa bado na joto la safari, kisha futa ya ziada. Usipake oili chafu ya injini, ina masizi na chembe za chuma. Ukifungua klipu ya kiungio, irudishe upande uliozibwa ukielekea cheni inakokwenda, na mdomo ulio wazi uwe nyuma.