Je, uzime bafa ya Nginx? Namna ya kuamua

Nginx ni seva inayosimama kati ya programu na mteja, na bafa ni nafasi ambamo hulihifadhi jibu la programu kwa muda kabla ya kulifikisha kwa mteja. Kwa kawaida wazo la kuzima bafa huja baada ya msimamizi wa seva kuona moja kati ya mambo mawili: ama ukurasa uliotakiwa kuonyesha taarifa kidogo kidogo unazitoa zote kwa mkupuo, ama kumbukumbu za makosa zimejaa onyo kwamba jibu limehifadhiwa kwenye faili la muda. Mambo hayo yana dawa tofauti, na mara nyingi `proxy_buffering off`, yaani mpangilio wa kuizima bafa, si dawa ya lile la pili.

Anza kwa kujiuliza ni nani atakayebaki akimsubiri mteja mwenye mtandao wa polepole. Chukua programu inayoendeshwa na Gunicorn (seva ya programu za Python) kwenye mashine yenye viini 4, ikiwa na michakato 9 ya kawaida, ambayo kila mmoja hushughulikia ombi moja kwa wakati. Jibu la KB 200 linatengenezwa kwa sekunde 0.2, lakini simu iliyoliomba inapokea KB 20 tu kwa sekunde. Bafa ikiwepo, Nginx hulipokea jibu lote upesi, mchakato ukaachiwa uendelee na kazi nyingine, na simu ikahudumiwa taratibu. Bafa ikizimwa, mchakato huohuo unaweza kushikiliwa kwa karibu sekunde 10, kwa hiyo simu 9 za namna hiyo zinatosha kuziba tovuti nzima. (Bafa za soketi za mfumo endeshi hupunguza makali kidogo, ila mimi nisingezitegemea.) Pamoja na hayo, kache ya `proxy_cache` (nakala za majibu zinazohifadhiwa ili zitumike tena) haifanyi kazi bila bafa, na `proxy_limit_rate`, kikomo cha kasi ya kupokea jibu kutoka kwa programu, nacho hakitafanya kazi.

Ikiwa tatizo lako ni onyo la faili la muda, fahamu kwamba hilo ni onyo tu, wala halimaanishi kwamba ombi limeshindikana. Kwa chaguo-msingi Nginx hutenga bafa 8 za KB 4 au KB 8 kwa kila muunganisho, kutegemea mashine, na jibu linalozidi hapo linaweza kuandikwa kwenye diski. Ongeza `proxy_buffers` (idadi na ukubwa wa bafa hizo) ikiwa RAM inaruhusu, au weka `proxy_max_temp_file_size 0` ikiwa hutaki diski iguswe kabisa; ila kwa hatua hii ya pili, majibu makubwa yatairudisha programu kwenye kumsubiri mteja.

Ikiwa tatizo ni taarifa kuchelewa, thibitisha kwanza kwamba Nginx ndiyo inayozizuia. Endesha `curl -N` (amri ya kuomba ukurasa na kuonyesha jibu papo hapo linavyofika) moja kwa moja kwenye bandari ya programu, kisha uirudie kupitia Nginx. Mistari ikitoka mmoja mmoja mara ya kwanza na kwa mkupuo mara ya pili, umempata mhusika. Ikitoka kwa mkupuo mara zote mbili, kosa liko ndani ya programu. Watu wa PHP wachunguze hasa `output_buffering`, bafa ya PHP yenyewe, ambayo mafaili ya mfano ya php.ini huiweka kuwa 4096.

Hata Nginx ikionekana kuwa ndiyo chanzo, usiizime bafa kwa seva nzima. Njia ninayoipendelea ni programu yenyewe kutuma kichwa cha HTTP cha `X-Accel-Buffering: no`, kinachoiambia Nginx isitumie bafa, kwenye majibu yanayohitaji kutiririka tu, kwa sababu anayeandika programu ndiye anayeyajua majibu hayo, na kurasa nyingine hazitaguswa. Ikiwa huwezi kuibadilisha programu, weka `proxy_buffering off` ndani ya `location` (sehemu ya mipangilio ya Nginx inayohusu anwani fulani) ya njia hiyo peke yake.

Upakiaji wa mafaili makubwa una swichi yake, `proxy_request_buffering`, iliyoongezwa katika toleo la 1.7.11. Ukiizima, faili huanza kufika kwenye programu mara moja, lakini Nginx ikishaanza kulituma haiwezi tena kulihamishia ombi kwenye seva nyingine iwapo ya kwanza itaanguka.

Baada ya badiliko, hesabu michakato iliyoshikiliwa katika saa zenye msongamano na uilinganishe na hesabu ya siku iliyotangulia. Ikipanda huku idadi ya maombi ikiwa ileile, rudisha bafa.